Re: Kifyatulio kipya, mara bunduki ya mipira ya rangi (paintball) inatoa mbili, mara kimya

Mkuu, kabla hujanunua bodi nyingine ya umeme, kagua skrubu za kurekebisha kifyatulio. Umesema kifyatulio cha kiwandani kilikuwa sawa, shida imeanza ulipofunga hiki cha alumini. Basi mshukiwa ni marekebisho, si umeme.

Toa mtungi wa hewa na mipira ya rangi, fyatua hewa iliyobaki. Washa, kisha vuta taratibu sana usikilize swichi ndogo inayobonyezwa na kifyatulio: inatakiwa ilie "tik" moja ukivuta na nyingine ukiachia. Ukiachia isipolia, swichi imebaki imebanwa, ndiyo maana inanyamaza. Legeza skrubu inayogusa swichi robo mzunguko, jaribu tena. Skrubu ya nyuma izuie kifyatulio baada tu ya mlio, la sivyo utaivunja swichi.

Kutoa mbili kwa mvuto mmoja mara nyingi ni springi uliyoilegeza mno: bunduki ikiruka, kidole kinagonga tena. Ikaze kidogo. Ikiendelea, pandisha dibaunsi (mpangilio wa bodi wa kupuuza mibonyezo ya ziada ya swichi). Na weka betri mpya ya volti 9! Mimi niliwahi kufungua bunduki nzima mezani, kumbe betri ilikuwa imechoka.