Louvre na mzazi mwenye magoti yanayosumbua: mlango upi?

Dada, umesema unampeleka mama Paris, tiketi za Louvre, lile jumba la makumbusho, mmeshakata za saa tatu na nusu asubuhi, magoti yanamsumbua, na kila unayemuuliza anakutajia mlango wake. Nimeingia pale mara nne, na mara ya kwanza nilikuwa na mama yangu mzazi. Nakujibu kama ningemjibu mdogo wangu.

Siku ile tulishuka stesheni ya Louvre-Rivoli, maana jina lilinitosha kuamini kwamba tumefika. Kumbe stesheni inayotakiwa ni Palais Royal – Musée du Louvre, njia za metro namba 1 na 7. Tukatembea kandokando ya jengo ambalo ukuta wake hauishi, tukatokea uani penye piramidi ya kioo. Nikaona foleni ndefu, nikajipanga. Mama akakaa kwenye ukingo wa bwawa la maji, mkoba mapajani, ananitazama navyosogea hatua moja moja. Baada ya dakika arobaini ndipo nikasoma kibao vizuri: foleni ile ilikuwa ya wasio na tiketi. Ya wenye tiketi ilikuwa pale pale kando, fupi, ina kibao cha saa. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma kwa sababu aliyelipia ni magoti ya mama.

Kwa hiyo, kwa upande wenu ningechagua mlango wa Carrousel, ule unaopitia maduka ya chini ya ardhi. Kutoka stesheni ya Palais Royal unafuata vibao vya Carrousel du Louvre chini kwa chini, hamtoki nje, mvua wala jua haviwahusu. Mkija kwa teksi, mlango wake uko 99 rue de Rivoli na una ngazi za umeme. Mtapita katikati ya maduka hadi kwenye piramidi ndogo iliyopinduliwa, ncha ikielekea chini. Hapo mko karibu. Ukaguzi wa mizigo upo, basi mbebe mikoba midogo. Masanduku yanayozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 hayaruhusiwi.

Piramidi kubwa, ile aliyoibuni I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1989, ndiyo mlango mkuu. Si mbaya kabisa ukijua foleni yako: tafuta kibao chenye saa iliyo kwenye tiketi, kwenu ni 9:30. Wenye ulemavu na wajawazito hupewa kipaumbele, kwa hiyo mkiishia hapo usione haya kumwambia mhudumu hali ya mama. Ndani, katikati ya ngazi ya mzunguko, kuna lifti ya duara isiyo na paa, inashuka taratibu kama pistoni huku unatazama watu wote chini. Mama yangu aliishika mikono yangu yote miwili mpaka ikatua.

Mlango wa Passage Richelieu utauona umetulia, utavutika. Usijipange, kwa kawaida ni wa vikundi na wenye kadi za uanachama. Porte des Lions, upande wa mto Seine, usiujengee mpango, kwa sababu haufunguliwi kila siku. Jana yake ingia tovuti ya Louvre uhakikishe mlango wenu uko wazi, maana utaratibu hubadilika.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Uingie kwa piramidi au kwa Carrousel, unafika ukumbi uleule chini ya kioo, na pale ndipo penye uchaguzi mgumu zaidi. Jumba limegawanyika pande tatu: Denon, Sully na Richelieu, kila upande na kiingilio chake cha kuonyesha tiketi. Umati karibu wote unamiminika Denon kwa ajili ya Mona Lisa, chumba namba 711. Kama mama anaitaka picha hiyo, nendeni kwanza, mapema, kwa lifti. Usimpandishe ile ngazi pana yenye sanamu ya Ushindi wa Samothrace. Picha yenyewe ni sentimita 77 kwa 53 tu, na mtaiona juu ya simu za watu.

Mama yangu aliitazama dakika tatu, akasema ameiona, twende. Tukahamia Richelieu, kumetulia, tukakuta jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, linazidi mita mbili kwa urefu. Mama alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka mingi. Alisogea karibu, akafuata kwa macho mistari ile iliyochongwa midogo kama nyayo za ndege, akaniuliza mambo ya mirathi yameandikwa wapi. Hakutaka kuondoka.

Jumanne wanafunga. Jumatano na Ijumaa wanafungua hadi saa tatu usiku. Ukishatoka, tiketi ileile hairudishi ndani, basi msitoke kutafuta chakula nje.

Na kabla hamjaingia upande wowote, ulizeni palepale ukumbini: wanaazimisha viti vya magurudumu, fimbo na vigoda vya kukunja, bure, unaacha kitambulisho. Mama alichukua kigoda, akakikunjua mbele ya lile jiwe.