Jibu: Je, Mungu anatawala hata kihamba, shamba la ukoo, kikitaka kuuzwa?

Dada, pole sana. Umeuliza utamwaminije Mungu kuwa ndiye anayetawala wakati mzee amelazwa, kahawa imekauka na mkopo sasa unadai kihamba chenyewe. Sitakuambia "jipe moyo" tu.

Soma Yeremia 32. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, nabii amefungwa kwenye uwanja wa walinzi, na hapohapo Mungu anamwambia anunue shamba la Hanameli, mtoto wa ami yake, kule Anathothi. Anapima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, hati zinawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu. Kibiashara, hasara tupu. Kinachonigusa zaidi ni sala yake baada ya kulipa: anaanza kwa kukiri kwamba hakuna gumu kwa Mungu, anamalizia akimwonyesha maboma ya adui, kama anayeuliza, sasa mbona umeniambia ninunue? Mungu hakumfukuza. Basi nawe mwulize, tena kwa machozi.

Na mji ulianguka kweli. Yeremia akaishia kupelekwa Misri. Waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walirudi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba kihamba kitabaki.

Wakopeshaji uwafuate kabla tarehe haijafika, uende na shemeji zako, usisaini chochote peke yako. Mzee kama yuko hapa Moshi mjini, nitumie ujumbe yuko wodi gani, nije na mama wa jumuiya tuombe naye.