Jibu: Rangi inabanduka chini ya ukuta, fundi anataka kupaka upya

Salama ndugu. Umesema nyumba iko Nyalenda, mtaa wa Kisumu, rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi kama futi mbili, na juu iko sawa. Huyo fundi msimamishe kwanza.

Chukua kipande kilichobanduka ukigeuze. Kama nyuma kuna ungaunga mweupe wa chumvi, maji yanapanda kutoka chini. Kama kimeshikwa na vumbi la plasta, huenda walipaka juu ya vumbi bila andakoti (rangi ya chini inayotangulia). Ukiwa na shaka, bandika karatasi ya nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, uiache siku nzima. Matone yakitokea upande wa ukuta, unyevu umo ndani.

Nyumba za huku bondeni nimezipaka nyingi, na mara nyingi shida huwa nje: udongo umerundikwa hadi juu ya msingi, au maji ya mabati yanamwagika pale pale. Toa udongo, weka gata, angalia na bomba la bafuni. Kisha kwangua, sugua chumvi kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji inarudi ndani), uache ukuta ukauke. Hapo usiwe na haraka, hasa mvua za Machi hadi Mei. Ndipo msasa, filla ya kuziba mashimo, andakoti ya kuzuia alkali (ukali wa saruji unaoharibu rangi), na rangi ya maji isiyong'aa. Rangi ya mafuta sehemu hiyo hapana, itafungia unyevu ndani.

Ukiona chumvi, tuma picha ya ukuta wa nje.