Ukija Karura kujitolea, anza na jembe

Kila mwaka, mwezi wa Machi mawingu yakianza kujikusanya, simu yangu hulia na swali ni lile lile: "Tunapanda miti lini?" Mimi hujibu karibu sana, kisha nauliza kama una gambuti. Wengi hucheka. Kicheko huisha Jumamosi ya kwanza, maana siku hiyo hatupandi hata mche mmoja. Tunazibua mitaro.

Sikulaumu. Mimi pia niliingia msitu wa Karura nikiwa na mche kichwani, na kuna sababu. Ni hapa ambapo tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuja na miche kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu. Picha ile haijatutoka Wakenya. Lakini msitu uliookolewa, hekta elfu moja na kitu katikati ya Nairobi, hauna njaa ya miche siku hizi kama ulivyo na njaa ya watu wanaorudi. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango kwa vyama vya jamii kushirikiana na shirika la misitu, KFS, na ukuta wa waya ulipojengwa, Karura iliyokuwa mahali pa kuogopa vibaka ikawa mahali pa watoto na baiskeli. Hapo ndipo kazi yetu ilipozaliwa: watu wengi, njia nyingi, na mvua mbili kwa mwaka.

Adui mkubwa wa njia ya msituni ni maji. Miguu hukandamiza udongo, sawa, lakini maji ndiyo huubeba. Udongo wetu ni ule mwekundu wa Nairobi: ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni. Njia ikiteremka moja kwa moja kwenda mtoni, mvua moja ya nguvu huigeuza mfereji. Ukiona mizizi imejitokeza katikati ya njia kama mishipa ya mkono wa mzee, ujue maji yamepita hapo misimu mingi na hakuna aliyeyaonyesha pa kutokea.

Dawa yake ni gogo, au mstari wa mawe, lililolazwa kukatiza njia na kuzikwa zaidi ya nusu. Lakini lilaze mshazari, mkia ukielekea bondeni. Maji yakija na mbio zake hugonga gogo, hulifuata hadi mkiani, kisha huingia majanini na kuzama taratibu. Mwaka wangu wa kwanza nililaza langu sawasawa, kama kizingiti cha mlango, nikalipigilia vigingi, nikapiga na picha. Nilijiona fundi. Wiki tatu baadaye upande wa juu ulikuwa umejaa tope hadi kilele, maji yanaruka juu na kuchimba shimo upande wa pili, shimo la kumeza gurudumu la baiskeli. Mzee mmoja wa kikosi chetu, aliyestaafu kazi ya barabara, alisimama akalitazama kwa muda bila kusema neno. Kisha: "Kijana, umejenga bwawa." Tukalifukua siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kabla sijashindilia udongo, namwaga ndoo nzima ya maji juu ya njia nione yanakwenda wapi. Chupa ya maji ya kunywa haitoshi, inakudanganya.

Na mkia ndio kazi yenyewe. Baada ya kila mvua hujaa majani na mchanga. Ukizibuliwa, gogo linafanya kazi; ukiachwa, gogo ni pambo. Kuzibua mmoja ni kazi ya dakika chache kwa jembe, ila mikia iko mingi, na wanaotaka kuifanya kazi hiyo ni wachache kwa sababu hakuna cha kuonyesha mwisho wa siku. Ukitaka kuheshimiwa na wakongwe wa hapa, zibua mikia.

Dimbwi nalo lina tabia yake. Watu hulizunguka ili wasichafue viatu, kila mmoja akikanyaga hatua moja nje ya mwenzake, na njia ya mita moja inakuwa uwanja. Mgeni akiliona huchota udongo na kulijaza. Unapika uji tu. Fungua kwanza upande wa chini maji yatoke, ngoja pakauke, ndipo uweke mawe na kokoto, kisha udongo, ushindilie. Njia za mkato tunazifunga kwa matawi, yenye miiba yakipatikana. Kibao cha maandishi hakijawahi kumzuia mwenye haraka.

Sasa lantana. Utaijua: vimaua vya njano na waridi kwenye kichwa kimoja, majani yanayokwaruza, harufu kali ukiyasugua. Ilitoka Amerika ya kitropiki, ikaletwa kupamba bustani, ikaruka ua. Ndege hula matunda yake na kuyapanda wanapotua. Mpe mgeni panga mbele ya kichaka cha lantana, utaona furaha. Ndani ya saa moja amefyeka eneo la sebule na anaomba apigwe picha. Msimu unaofuata kila kisiki kimetoa machipukizi matano. Kwa hiyo panga tunaliacha kwenye begi. Kata juu kidogo upate pa kushika, kisha chimba kwa jembe la meno au mtaimbo hadi mzizi utoke. Subiri mvua mbili tatu za kwanza udongo ulainike, utaokoa mgongo wako. Ukishaing'oa, iangike mizizi juu kwenye tawi au uilundike isiguse udongo, kwa sababu tawi lake likilala mahali penye unyevu hutoa mizizi upya.

Tena usifungue eneo kubwa kuliko unaloweza kulirudia. Udongo mtupu wenye jua ndio kitanda ambacho mbegu za lantana zinakingoja. Anzia ukingoni, pale ambapo msitu wa asili bado una nguvu, usogee polepole kuelekea palipoharibika, ili miti ya asili ije nyuma yako ikijaza pengo. Haipendezi machoni. Wafadhili hupenda kuona kabla na baada, na njia hii haitoi picha hiyo.

Hapa nina dhambi yangu. Siku moja nilichimba kwa bidii mpaka shati likaniganda mgongoni, na nilipogeuka kuangalia lundo langu nikaona ndani yake miche ya muthiga, imefika magotini, ambayo hakuna binadamu aliyeipanda. Ilikuwa imejificha kivulini mwa lantana, ikisubiri nafasi. Niliing'oa yote minne. Kwa hiyo kabla ya kushika chombo chochote, tembea na mtu anayejua majani: muhugu, mukinduri, muiri, mutamaiyu. Majina ya Kikikuyu ndiyo yanayotumika hapa, hata na sisi tusio Wakikuyu. Muthiga ni rahisi: tafuna kipande kidogo cha jani, ulimi utawaka kama umekula pilipili. Huwezi kusahau tena. Na ukikuta muthiga au muiri umebanduliwa gome, hilo ni dawa mtu amechukua. Ukibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Mwambie skauti, yaani mlinzi wa msitu, mwonyeshe mahali.

Mikaratusi ni habari nyingine, ilipandwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni za garimoshi, na kuiondoa ni kazi ya KFS. Usiiguse.

Kupanda miti kutafika, usijali. Lakini nikueleze nilichokiona. Kampuni moja ilileta wafanyakazi wake kwa mabasi, fulana mpya, muziki, miche mingi sana. Walimaliza kabla ya chakula cha mchana. Baada ya miezi minne tulipita tukahesabu iliyokauka, na niliponyanyua mmoja ukatoka wote mkononi mwangu bila kukaza: ulikuwa bado umevaa mfuko wake wa plastiki, mizizi imejizungusha ndani kama tambi. Waliupanda na karatasi lake. Wenzake pia. Chana mfuko, uutie mfukoni mwako, fungua mizizi kwa vidole, panda, ondoa nyasi kuzunguka mche, weka alama. Kisha rudi kupalilia. Mche wa msitu wa asili husongwa na nyasi na lantana mpaka uweze kutoa kichwa juu yake, na hilo si jambo la mwaka mmoja. Ukiniambia una Jumamosi mbili tu kwa mwaka, nitakupa palizi zote mbili.

Utakutana na akina mama wa vijiji vya jirani wamebeba kuni. Usimsimamishe mtu na kumuuliza kibali. Wewe si askari. Kuokota kuni kavu kwa utaratibu ni haki ambayo chama cha jamii kinaruhusiwa kuiombea wanachama wake. Msalimie, "shikamoo mama" kama ni mkubwa wako, mpishe njia, maana yeye ana mzigo na wewe una darubini. Mtego wa kwanza wa waya wa kunasia paa niliowahi kuuona nilionyeshwa na mama wa kuni, ambaye tulikuwa tumesalimiana karibu mwaka mzima bila kuongea la maana. Wanaona kila kitu. Waya usiutegue kimyakimya uende nao nyumbani. Skauti wanahitaji kujua ulikuwa wapi.

Mengine ni madogo. Suruali ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Ukisimama juu ya safu yao huku unasifia mti utacheza ngoma ambayo hukuijua. Glavu za ngozi, za kitambaa hazizuii thabai, yale majani yanayowasha. Maji kwenye chupa ya kurudia, kwani chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga tangu 5 Juni 2020, na geti wanakagua. Chombo ulichotumia kisafishe kabla hujakirudisha stoo. Hili nalisema kwa uchungu.

Na mvua ya kwanza kubwa ya Aprili ikianza kupiga, wenzako wote wakiingia kwenye magari, wewe vaa koti lako ukasimame karibu na gogo ulilolilaza, mbali na miti mikubwa na kama hakuna radi. Tazama maji yanakofika, yanakokawia, yanakoruka. Chukua kijiti, chora mstari kwenye tope pale yalipokushinda. Jumamosi utakuja na jembe.