Jibu: Mtandao wa vikundi vya wakulima Koboko

Ndugu, umeuliza kama uanze na programu ya simu ili vikundi vya wakulima wa Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, viwasiliane. Mimi ningeiweka kando kwanza. Wengi vijijini wana kitochi, simu ndogo ya vitufe, na chaji wanailipia kwenye kibanda cha sola pale senta, kwa hiyo simu huzimwa mchana ili ifike jioni. Ujumbe wa saa nne asubuhi utasomwa usiku, pengine kesho. Panga kazi yako kwa mwendo huo.

Tumia SMS na simu za sauti, sauti hasa. Mama asiyesoma akipigiwa na kusikia bei ya muhogo kwa Kikakwa au Kilugbara, atajibu, tena atauliza na bei ya mji wa Arua! Kila kikundi kichague mtu mmoja mwenye simu janja apeleke na kurudisha habari, na bando lilipwe na kikundi. Akilipa mwenyewe atachoka upesi. Data ina kodi ya 12% tangu Julai 2021. Facebook nayo ilifungwa nchini Januari mwaka huo, na VPN, programu ya kupita kizuizi hicho, si ya kila mtu.

Kuhusu kituo cha intaneti, tazama kazi ya shirika la BOSCO Uganda huko Gulu, kaskazini mwa nchi: walianza 2007 kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta za sola. Ila kabla hujaomba ufadhili, kubalianeni: betri ikifa, nani ananunua nyingine?