Maswali Yenu: Nyumbani Fundi, Jukwaani Mgeni

Napiga piano kwa muda wa saa tatu kila siku, lakini ukurasa mmoja umenishinda mwezi mzima. Niongeze muda?

Usiongeze hata dakika. Kwanza jichunguze: ukikosea, unafanya nini? Wengi wetu tunalipita kosa, tunafika mwisho, kisha tunaanza tena juu. Mistari ya mwanzo inang'aa, na pale penye tatizo mkono unazidi kuzoea kukosea. Mwaka 2009 Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas waliwapa wapiga piano 17 kifungu kigumu, wakawapima siku iliyofuata. Wingi wa dakika au marudio haukuwatofautisha. Waliong'ara nao walikosea, ila walisimama papo hapo, wakatafuta kosa limetoka wapi, wakapapitia taratibu mpaka pakakaa sawa. Basi chukua penseli, zungushia zile noti nne tano zinazokusumbua, na kesho anzia hapo. Inachosha, najua. Kupiga unachokijua ni starehe, ndiyo maana saa tatu zinakupita upesi.

Nimalize wimbo mmoja ndipo nishike mwingine?

Changanya. Dakika kumi huu, kumi ule, kisha rudi. Utajiona unasuasua, lakini kila ukirudi ubongo unalazimika kuukumbuka upya, na jukwaani hupewi nafasi ya kupasha moto mara tano. Halafu lala vya kutosha. Vidole vinanufaika na usingizi.

Chumbani gitaa linanitii. Mbele ya watu mikono inakuwa baridi na kutetemeka. Labda sikuzaliwa msanii?

Pablo Casals, bingwa wa selo (ala kubwa ya nyuzi), aliteswa na woga huo maisha yake yote, na bado alipiga. Mikono kuwa baridi ni kazi ya adrenalini, homoni ya woga na hatari: damu inakimbilia misuli mikubwa, kana kwamba unataka kutimua mbio. Kujiambia "tulia" ni kushindana na moyo unaodunda. Mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliosema "nina hamu" kabla ya kuimba karaoke waliimba sawasawa zaidi kuliko waliosema "nina wasiwasi". Mwili ni uleule, jina tu limebadilika.

Lakini maneno hayatoshi kama hujawahi kufanya mazoezi ya kutumbuiza. Nilichomwambia mpiga piano, kusimama kila kosa, ni mazoezi ya kurekebisha. Wewe unahitaji pia ya aina nyingine: panda na kushuka ngazi mpaka moyo uende mbio, washa kinasa sauti, piga mara moja tu bila kusimama hata ukiharibu. Kisha mbele ya mtu mmoja, kisha watatu.

Na nikisahau katikati?

Mwimbaji Barbra Streisand alisahau maneno jukwaani New York mwaka 1967, na woga huo ukamfuata kwa miaka mingi. Kumbukumbu ya vidole ni mnyororo. Pete moja ikikatika, umekwama. Weka vituo sita au saba ndani ya wimbo, ujizoeze kuanzia chochote ukitajiwa, hata cha mwisho kwanza. Ukipotea, ruka mbele hadi kituo kinachofuata, usirudi nyuma.

Rafiki amenipa propranolol, dawa aliyoandikiwa yeye. Niinywe?

Mrudishie. Hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, na wapo wanamuziki wanaoitumia, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana pumzi vibaya. Hilo ni la daktari wako.