Kupanda Si Kazi, Kazi Kushuka: Kwa Anayekaa na Uradi Peke Yake

Vijana wengi siku hizi wananiuliza juu ya mambo yanayowatokea wakikaa usiku na uradi, yaani kumtaja Mwenyezi Mungu kwa maneno maalumu ya kukariri. Mwili unakuwa mwepesi, mwangaza unapita machoni ilhali taa imezimwa, machozi yanatoka bila ya sababu, mara nyengine hofu inawavamia tu. Baadhi yao wamejifunza kwa video za kwenye simu, hawana khalifa (kiongozi wa zikri) wala mzee wa kumuuliza. Mimi nimekulia Wete, Pemba, nyumba ya watu wa zikri, na jibu langu ni hilo hilo kwa wote: kupanda si kazi, kazi kushuka, yaani kuingia kwenye hali hizo ni rahisi, kutoka salama ndiyo kazi.

Itazameni zikri ya Qadiriyya, twarika (njia ya masufi) hii aliyoieneza kwetu Sheikh Uways wa Barawa mwishoni mwa karne ya 19. Watu wanasimama safu wameshikana mikono, wanainama na kuinuka pamoja, jina la Mwenyezi Mungu linatoka kifuani kwa pumzi mpaka sauti inabaki mkoromo. Mgeni humtazama anayelia au anayeyumba. Wewe mtazame khalifa, maana mwendo wote uko mikononi mwake.

Mfunguo Sita mmoja, mwezi wa maulidi, ami yangu alipandwa na hali. Safu imeshatulia, yeye kichwa bado kinakwenda kulia na kushoto, akiitwa hasikii. Khalifa hakumtingisha wala hakumpigia kelele. Alimuwekea kiganja kifuani, akawa anamsomea salawati sikioni kwa mwendo ule ule wa kichwa chake, kisha akaupunguza taratibu, na kichwa kikapungua nao. Akarashiwa marashi, akakalishwa kitako, akapewa kahawa na kipande cha haluwa. Hata kikombe hakijesha, yumo kwenye mazungumzo ya bei ya karafuu.

Chumbani peke yako huna wa kukuwekea kiganja. Kwa hiyo kabla hujaanza, ujue utamaliza vipi. Mimi napunguza sauti kwanza, pumzi naiacha iende yenyewe, nasoma Fatiha kwa sauti ya kusikika, nagusa mkeka kwa viganja viwili, napangusa uso, ndipo ninaponyanyuka kunywa maji. Simu siitazami papo hapo, na pikipiki sipandi mpaka nimeshazungumza na mtu. Nikiwa na njaa au usingizi, uradi wangu siku hiyo ni mfupi.

Mengi unayoyahisi ni kazi ya pumzi. Ukipumua kwa nguvu na kwa haraka, kabonidayoksaidi inatoka mwilini kupita kiasi, mishipa ya damu kichwani inabana. Midomo inaingia ganzi, vidole vinachomachoma na pengine kukakamaa, unahisi unaelea. Ukituliza pumzi yanaondoka. Na hizo sura na sauti za usiku wa manane, mara nyingi ni usingizi umeshafika mlangoni.

Sisemi kwamba yote ni pumzi na usingizi. Usiku mmoja nimetulia, macho makavu, pumzi haisikiki, ilinijia hali ambayo mvua juu ya mabati ilikuwa inasikika na anayeisikia hayupo. Sitaongeza neno. Imamu Ghazali, aliyeacha kusomesha Baghdad mwaka 1095 akaishika njia ya masufi, alishasema kuwa mwenye kujaribu kuieleza hali hiyo hakosi kukosea. Nilirudi kwenye tasbihi, ikaondoka yenyewe. Wanaoponzeka ni wale wanaoitafuta tena kesho yake, wakaongeza saa, wakapunguza chakula, wakamsahau hata Yule wanayemtaja.

Nyumbani watakwambia ni pepo. Usibishane na bibi yako, lakini kabla ya kupelekwa kwa mganga muone mzee wa twarika mwenye ijaza, yaani idhini ya mashekhe wake ya kuongoza wengine. Mzee wa kweli atakuuliza unalala saa ngapi, unakula nini, na mkeo mnaelewana vipi, kabla hajakuuliza umeona nini. Akianza kukusifu kwa ulichokiona, au akitaja pesa, chukua viatu vyako.

Ukipitiwa na siku kadhaa hulali na huhisi kuchoka, ukasikia sauti zinazokuamrisha, ukaanza kujiona umeteuliwa, au watu wako wakasema hawakuelewi tena, hapo acha uradi mrefu. Baki na sala tano uende kwa daktari. Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Pemba anzia hospitali ya Wete, Chake au Mkoani, na mueleze daktari kila kitu, zikri na kukesha pia, usione haya. Mwenye kifafa au maradhi ya moyo asiingie kabisa kwenye zikri ya pumzi kali. Ipo ya kimya, ya moyoni, nayo haina upungufu wowote.